Kuondoa vumbi la rangi kwenye bodi ya gari: niliyojifunza Ndeeba

Gari likiegeshwa karibu na mahali panapopulizwa rangi, mwenyewe kwa kawaida hagundui kitu siku hiyo. Hugundua siku ya kuliosha, maji yanapokauka na boneti ikabaki na ukungu usiotoka kwa sabuni. Akipitisha kiganja anahisi chengachenga, na hata akisugua kwa nguvu, chengachenga hizo hubaki palepale. Nimefanya kazi ya kung'arisha bodi za magari Ndeeba, jijini Kampala, kwa miaka mingi sasa, na tatizo hili huletwa kwangu karibu mara nyingi sawa na mikwaruzo. Sababu yake inaonekana na yeyote anayepita Barabara ya Masaka au kuteremkia upande wa Katwe. Mafundi wa mageti, gereji, maseremala na wenye magari wanagombania ukingo uleule wa barabara, na geti likishachomelewa husimamishwa papo hapo nje, kompresa ikawashwa, rangi ikapulizwa.

Bunduki ya rangi, ambayo mafundi huiita gani, hufanya kazi kwa kuivunja rangi kuwa matone madogo mno, na matone mengi kati ya hayo hayafiki kwenye chuma kilichokusudiwa. Gani za kawaida za shinikizo kubwa hukadiriwa kupoteza zaidi ya nusu ya rangi hewani, ilhali zile za shinikizo dogo zimebuniwa ili angalau asilimia 65 ya rangi ishike pale inapolengwa. Kinachopotea hupeperuka, na hatima yake hutegemea umbali. Tone linalosafiri mbali hukauka njiani na kutua kama vumbi, likakaa juu ya bodi bila kushikana nayo sana. Tone linalotua karibu hufika likiwa bado bichi, likatandaa na kukaukia pale pale, na hilo ndilo linalosumbua. Kwa hiyo mteja akija, swali langu la kwanza ni gari lilisimama hatua ngapi kutoka kwenye rangi, la pili ni rangi ya aina gani, na la tatu ni tangu lini.

Maswali hayo matatu yana uzito kuliko dawa yoyote iliyomo dukani. Rangi ya mafuta, ambayo ndiyo ya mageti na milango ya chuma, hukauka kwa kuingiliana na hewa, na huendelea kukomaa kwa siku nyingi baada ya kuonekana imekauka, kwa hiyo ndani ya siku za mwanzo bado inalainika kwa kiyeyusho kidogo tu. Rangi ya maji ya kuta hulainika kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ikiwahiwa, na ikishakauka hudhoofishwa na spiriti. Rangi ya NC, yaani ya nitroselulosi, hukauka kwa thina kuruka hewani basi, bila badiliko jingine, na kwa sababu hiyo thina ikirudishwa juu yake, hata baada ya miaka kumi, inalainika tena. Rangi ya 2K, inayochanganywa na hadina, yaani kigumishi, kabla ya kupulizwa, hufungamana kikemia, na ikishakomaa thina haiiyeyushi tena.

Wengi huishia hapo, wakaijua rangi iliyoanguka na kusahau rangi iliyo chini yake, ambayo ndiyo mali yenyewe. Gari lenye rangi ya kiwandani lilipita kwenye tanuri la joto la karibu nyuzi 140 za Selsiasi, na juu ya rangi yake kuna tabaka angavu, klia, lenye unene wa mikroni kama 40 hadi 50, pungufu ya unene wa unywele wa binadamu. Kila msasa na kila polishi inayopita juu ya gari inachukua kitu kutoka kwenye unene huo, na hakuna kinachorudi. Magari yetu mengi hapa Uganda hufika yakiwa yameshatumika Japani, na mengi bado yana rangi yao ya kwanza, lakini mengine yameshapakwa upya hapa, baadhi kwa 2K na baadhi kwa NC kwa kuwa ni nafuu. Kwa macho huwezi kuzitofautisha kila mara. Mimi hufungua kifuniko cha tangi la mafuta au mlango wa dereva, natafuta sehemu iliyojificha ambayo ilipakwa pamoja na bodi, nagusa kwa kitambaa cheupe chenye tone la thina, kisha naangalia kitambaa. Kikichukua rangi ya gari, najua niko juu ya NC, na kuanzia hapo chupa zote za thina zinafungwa na kuwekwa mbali.

Kazi iliyonionyesha mambo haya yote kwa pamoja ni ya mzee mmoja aliyestaafu jeshini, ambaye sote pale tulimwita afande. Gari lake lilikuwa jeusi, Toyota ya kizamani iliyotunzwa vizuri sana, na alikuwa ameliegesha kando ya karakana ya kuchomelea huku akinunua mbao. Geti lilikuwa linapulizwa rangi ya fedha. Aliporudi hakuona kitu, ila baada ya siku chache alipeleka gari kuoshwa, na kijana wa pale alipoona ukungu hautoki alijaribu kona ya buti kwa waya wa kusugulia masufuria. Afande alifika kwangu akiwa na hasira, na alikuwa amekuja na kijana wa kuchomelea mwenyewe.

"Fundi," aliniambia, "huyu kijana ameniharibia gari. Nataka alipe rangi ya gari zima."

Kijana alikuwa amesimama nyuma kidogo, mikono mbele. "Mzee, nisamehe. Upepo uligeuka."

Nilimwambia afande kwamba akilipaka upya gari lile atapoteza rangi ya kiwandani, na hakuna gereji itakayoweza kumrudishia. Gari likishakuwa na nyaya, plastiki na mipira yake haliwezi kuingizwa kwenye joto la nyuzi 140. Tanuri za gereji hukausha kwa joto la karibu nyuzi 60 tu, na gereji nyingi za kwetu hazina tanuri kabisa, zinategemea jua na vumbi linaloletwa na upepo. Nilimwomba anipe nafasi nianze na njia iliyo laini kuliko zote, na ikishindikana tungezungumza tena. Alikubali, kwa sharti kwamba atakaa na kuangalia.

Niliosha gari kwa shampuu ya magari mara mbili, kwa sababu vumbi letu jekundu likibaki juu ya bodi, kila utakachopitisha baadaye kitakuwa msasa. Kisha nilivaa mfuko mwembamba wa plastiki mkononi, kavera ya kufungia mkate, nikapitisha ncha za vidole juu ya boneti. Plastiki ile huondoa ule mshikano wa ngozi na kuacha mkwaruzo tu, kiasi kwamba punje usiyoiona wala kuihisi kwa kidole kitupu huhisika wazi kabisa. Nilimpa afande naye ajaribu. Boneti ilikuwa na chengachenga kote, paa vilevile, upande wa kushoto zaidi ya kulia, na mlango wa nyuma wa kulia ulikuwa laini kabisa. Kwa kavera peke yake tukawa tumejua gari lilikuwa limegeuziwa upande gani, na sehemu gani hazikuhitaji kuguswa hata kidogo.

Kwa tochi iliyolazwa karibu na bodi niliona kitu kingine ambacho hakikuwa rangi. Katikati ya vidoa vya fedha palikuwa na vidoa vya rangi ya kutu, vidogo kama ncha ya sindano, vikiwa vimezama. Hivyo vilikuwa vipande vya chuma kutoka kwenye mashine ya kukatia na kusagia chuma, ambavyo huruka vikiwa vya moto, vikajichoma kwenye klia, kisha mvua ikavitia kutu. Anayeegesha karibu na wachomeleaji hupata vyote viwili, na ni vyema kuvitofautisha mapema, kwa kuwa kiyeyusho cha rangi hakifanyi lolote kwa chuma. Nilimwonyesha kijana pia, kwa sababu yeye alidhani madhara ya kazi yake ni rangi tu.

Mafundi wenzangu wawili waliopita walishauri thina. Nawaelewa, kwani thina ipo, ni rahisi, na doa hutoka mara moja. Lakini thina haichagui. Juu ya rangi ya kiwandani inaweza kupita salama ikiwa mkono ni mwepesi na muda ni mfupi, lakini juu ya bampa lililopakwa upya, juu ya plastiki nyeusi, juu ya taa na juu ya mpira wa madirisha inakula kile ilichokikuta. Gari la afande lilikuwa na bampa la mbele lililowahi kutengenezwa, na kitambaa changu cheupe kilitoka cheusi nilipolijaribu upande wa ndani. Bila jaribio lile bampa hilo lingebaki na mabaka siku hiyohiyo.

Kwa kuwa rangi ilikuwa ya mafuta na haikuwa na siku nyingi, nilianza na tapentaini, na kwenye sehemu za rangi ya kiwandani tu. Nililowesha kitambaa laini, nikakilaza juu ya bodi kikae kidogo bila kusuguliwa, kisha nikakivuta polepole kuelekea upande mmoja na kukigeuza. Upande uliotumika haurudi kwenye bodi, kwa maana umebeba rangi unayoiondoa. Baadhi ya matone ya fedha yalitoka hivyo, hasa kwenye paa. Mafuta ya taa yangefanya kazi inayokaribiana na hiyo, na mafundi wengi wa vijijini huyatumia, ila huacha utando wa mafuta unaohitaji sabuni nyingi. Petroli siikubali kabisa. Mvuke wake hushika moto kirahisi mno, na kule kwetu pana cheche za kuchomelea kila upande. Baada ya tapentaini niliosha tena kwa shampuu, nikasuuza.

Kilichobaki kilikuwa kazi ya klei, yaani udongo laini wa kutengenezwa ambao asili yake ni Japani na ambao sasa unapatikana katika maduka ya vifaa vya magari Kampala. Klei haiyeyushi kitu. Inapita juu ya bodi ikiteleza juu ya maji ya shampuu, na kila punje iliyochomoza inakatwa na kunaswa, ilhali klia iliyo tambarare inabaki chini yake. Kwa sababu hiyo inaondoa rangi ya aina yoyote, pamoja na vile vipande vya chuma ambavyo havijazama sana. Kuna klei laini, ya kati na ya ukali, na mimi huanza na laini hata kama najua itachelewa. Tuliisogeza gari kivulini na kusubiri bodi ipoe, kwa sababu boneti nyeusi kwenye jua la Kampala hukausha maji kabla mkono haujamaliza mpito mmoja, na klei juu ya bodi kavu hunata na kukwaruza.

Nilikata kipande, nikakikanda na kukibapa kama chapati ndogo inayoenea vidole vitatu, nikalowesha sehemu ya boneti isiyozidi ukubwa wa viganja viwili, nikaanza kupitisha kwa mistari iliyonyooka, mbele na nyuma, bila kuzungusha. Mkono haukandamizi. Mwanzoni klei inakokota, na kuna sauti ya kukwaruza kama mchanga ambayo humtia mteja wasiwasi. Baada ya mipito kadhaa sauti hupungua, halafu huisha, na klei huanza kuteleza yenyewe kana kwamba haigusi kitu. Hapo sehemu hiyo imekwisha. Ukiigeuza klei utaona madoadoa ya fedha yamejaa usoni mwake, nayo hukunjwa kwa ndani na kukandwa upya hadi ipate uso safi. Afande aliomba kushika kipande chake mwenyewe akafanya mlango wa kushoto, na aliufanya vizuri kwa kuwa hakuwa na haraka. Kijana wa kuchomelea alipewa boneti upande wa chini. Aliiangusha klei mara moja, akataka kuifuta kwenye suruali na kuendelea, nikamzuia na kuitupa. Klei iliyogusa ardhi ya gereji imebeba mchanga na vipande vya chuma, na ikirudi juu ya bodi itachora mistari mirefu kuliko madhara yote ya rangi.

Juu ya kile kioo cha mbele rangi haikuwa tatizo kubwa. Kioo ni kigumu kuliko rangi, kwa hiyo nililowesha kwa maji ya sabuni na kutumia wembe mpya ulioshikwa kwa ulalo, nikiusukuma mbele tu bila kuurudisha. Vipande vya chuma vilivyojichoma kwenye kioo ni habari nyingine, kwani huacha vishimo visivyofutika. Taa za mbele za magari ya sasa ni plastiki, na wembe hauruhusiwi hapo wala thina haisogezwi karibu, kwa maana thina huitia plastiki hiyo nyufa ndogondogo za ndani. Nilizipitisha klei laini kwa maji mengi, zikasafika. Plastiki nyeusi za pembeni zisizopakwa rangi ndizo zilizochukua muda kuliko nilivyotaka, kwa sababu uso wake una vinyweleo na rangi huingia humo. Nilitumia brashi laini na tapentaini kidogo, nikifuta mara moja, na bado yalibaki madoa machache karibu na kioo cha pembeni ambayo nilimwonyesha afande kabla hajayaona mwenyewe.

Klei, hata ikitumiwa kwa uangalifu wote, huacha ukungu mwepesi wa mikwaruzo juu ya rangi nyeusi, na pia huondoa nta yote iliyokuwepo. Kwa hiyo kazi haijaisha hapo. Nilipitisha polishi laini kwa mashine ya mwendo mdogo, kisha nikapaka nta. Ile kona ya buti iliyosuguliwa kwa waya ndiyo iliyonitesa. Ilihitaji msasa wa maji namba 3000, kisha polishi ya kukata, kisha polishi laini, na hata baada ya hapo mistari miwili mirefu ilibaki kwa kuwa ilikuwa imeshuka ndani mno, nami sikutaka kuifuata chini hadi klia iishe. Nalisema hili wazi kwa sababu naliona kila mara. Vumbi la rangi lenyewe lilitoka lote kwenye bodi, na alama ya kudumu katika rangi ya gari lile iliachwa na mtu aliyejaribu kusaidia bila kuuliza.

Afande hakudai tena rangi ya gari zima. Kijana alilipa klei, tapentaini na kazi yangu, kwa awamu mbili, na jambo hilo liliisha kwa kupeana mikono. Nilizungumza naye baadaye kuhusu kazi yake, kwa sababu karakana yake iko mahali palepale na magari yataendelea kuegeshwa. Nilimwomba apulize mageti asubuhi mapema, kabla upepo wa ziwani haujaanza kuvuma kuelekea mchana, asimamishe turubai upande unaopokea upepo, apunguze shinikizo la kompresa badala ya kuliongeza ili amalize haraka, na amwombe mwenye gari alisogeze. Vilevile nilimwomba avae barakoa yenye kichujio, maana ukungu unaofika kwenye boneti hatua nyingi mbali na geti umepita kwanza mbele ya pua yake. Kwa wale wanaopuliza 2K ombi hilo lina uzito zaidi, kwani hadina ina isosayaneti, kemikali inayoweza kuleta pumu kwa mtu ambaye hakuwahi kuwa nayo, na kitambaa kilichofungwa puani hakizuii chochote.

Kuna magari ambayo nimekataa kuyaondolea vumbi la rangi, na naona ni sehemu ya kazi kueleza sababu. Mama mmoja mfanyabiashara alileta gari dogo jeupe lililokuwa limetoka gereji ambako bampa la nyuma lilipakwa upya. Gereji ile ilikuwa imefunika vioo kwa magazeti machache tu na kuacha paa wazi, na klia ya 2K ilikuwa imetua juu ya paa ikiwa bichi. Nilipojaribu kwenye fremu ya mlango niligundua gari zima lilikuwa limeshapakwa NC miaka ya nyuma. Hapo kila njia ilikuwa imefungwa. Kiyeyusho chenye nguvu ya kulainisha klia ile kingeondoa kwanza NC iliyo chini, klei iliteleza juu yake bila kunasa kitu kwa kuwa matone yalikuwa yametandaa na kushikamana, na msasa ungetoboa NC, ambayo tayari ilikuwa nyembamba kwenye kingo, kabla ya kumaliza klia, kwa sababu klia ni ngumu kuliko NC.

"Sasa fundi, unaniambia niliache hivi?" aliniuliza.

Nilimwambia, "Ndiyo, mama. Ukungu huu hauli rangi wala hauleti kutu. Nikianza kuusugua, wiki ijayo utakuwa unahitaji paa jipya." Nilimshauri arudi gereji aliyotoka na kudai paa lipigwe msasa lote na kupakwa upya kwa 2K, kwa kuwa kufunika gari lilikuwa jukumu lao, na nilimwandikia kwa karatasi nilichokikuta ili awe na cha kuwaonyesha. Nilisafisha vioo na taa tu, nikamtoza hiyo tu.